Bolti ya Kumi

Mafuta ya taa yakichanganywa na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote isipokuwa uani kwetu, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Si harufu mbaya. Nusu yake ni ya jikoni, nusu yake ni ya kandili iliyozimwa sasa hivi. Iliganda vidoleni mwangu likizo nzima ya Aprili, nikala nayo, nikalala nayo, na sabuni ya mche haikuweza kuiondoa. Watu wengi wakisimulia utoto wao hutaja harufu za raha, maandazi na mvua ya kwanza. Mimi harufu yangu ni hiyo, na nikiikumbuka narudi siku ile niliyosimama mbele ya boneti iliyo wazi nikiwa nimeshika kipande cha chuma ambacho hakikupaswa kuwa mkononi mwangu.

Kijiji chetu kilikuwa kati ya Gongoni na Marereni, upande wa bara wa barabara. Ukipanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba yetu uliweza kuona mashamba ya chumvi yaking'aa kama mabati mapya. Chumvi ilikuwa ndani ya kila kitu. Bawaba za milango zilikatika zenyewe, majembe yalimomonyoka kama mkate mkavu, na msumari uliopigwa leo baada ya miezi michache uliacha doa jekundu tu ukutani. Baba yangu, Kahindi, alikuwa amefanya kazi miaka minane katika gereji ya kiwanda kimoja cha chumvi, akaanza kwa kuosha magari hadi akakabidhiwa spana. Alizoea kusema kwamba bahari haina haja ya kukufikia ili ikuharibie chombo. Inakutumia pumzi yake, inatosha.

Tulikuwa na pikapu ya kijani, kuukuu, iliyonunuliwa kwa sababu ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeitamka. Miaka miwili nyuma Mama alikuwa ameshikwa na uchungu mchana wa jua kali. Wanaume walimbeba kwa kitanda cha kamba hadi barabarani, wakangoja gari lolote la kwenda Malindi. Walingoja tangu adhuhuri hadi jua likaanza kuzama. Mtoto alizaliwa pale pale kando ya barabara, na hakulia. Nilikuwa nimeambiwa nibaki nyumbani nichunge moto, kwa hiyo sikuona. Niliona tu kitanda kikirudi, na Baba akitembea nyuma yake kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Mwezi uliofuata aliuza ng'ombe wote watatu, akaenda Mombasa, akarudi akiendesha pikapu. Mama aliizunguka mara moja, akaugusa mlango wake, akaingia ndani.

Sasa Mama alikuwa na mimba nyingine, ya miezi minane. Bi Mbodze, mkunga wetu, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana ambaye sisi watoto tulimwita Hawe, yaani bibi, alikuwa amempapasa tumbo mara mbili, kushoto na kulia. Kisha akamwita Baba nje na kumwambia bila kuzunguka, "Huyu amelala kingamo, kichwa kiko ubavuni. Siku ikifika msimlete kwangu, mpelekeni Malindi. Mimi hapa sitamuweza." Baba alijibu, "Gari lipo, Hawe." Alisema hivyo kwa fahari kidogo. Siku nne baadaye gari lilichemka njiani Baba akitoka Mambrui na shehena ya nazi. Paipu ya maji ilikuwa imepasuka, naye, kwa kuogopa mvua iliyokuwa ikikusanyika, aliendelea kuendesha mwendo mfupi badala ya kusimama papo hapo. Walilisukuma hadi uani. Baba alipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilitoka na kitu cheupe kizito kama tui la nazi. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Alikitazama kijiti kile, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena kana kwamba mara ya pili kingesema jambo jingine.

Mvua za mwaka, yaani masika, zilikuwa zimeanza, na barabara ya udongo ilikuwa imegeuka kinamasi. Hakuna aliyekubali kuikokota pikapu hadi kwa mafundi wa Malindi. Baba akaamua kuifungua injini pale pale nyumbani, chini ya kibanda cha makuti alichokijenga asubuhi moja pamoja na mjomba wangu Karisa. Mjomba Karisa alikuwa mdogo wake Mama, kijana wa miaka ishirini na minne hivi, mwenye mabega ya mbeba magunia na kicheko cha karibu. Alikaa nasi. Baba alimpenda, lakini hakumwamini na vyombo, kwa kuwa aliwahi kumvunjia keekee yake ya kutobolea mbao kisha akakana siku mbili nzima. Mimi nilikuwa mtoto pekee nyumbani, na tangu nikiwa mdogo Baba alinizoesha kumpa spana kwa namba zake. Likizo ile kazi yangu ilikuwa kubwa zaidi. Nilipaka mafuta, nilisugua kutu, nilihesabu nati na kuzipanga kwenye sinia kwa mpangilio uleule zilivyotoka.

Kichwa cha injini, kile kipande kizito kinachofunika silinda, kilishikizwa kwenye bloku, mwili wenyewe wa injini, kwa bolti kumi. Kila moja ilikuwa imekula chumvi hadi ikashikana na chuma kama mizizi na udongo. Baba hakuzishambulia. Alizimiminia mchanganyiko wake wa mafuta ya taa na mafuta ya nazi ya moto, akazigonga kichwani kwa nyundo ndogo, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa, akaziacha zilale. Kesho yake aliweka spana na, badala ya kulegeza, alikaza. "Kaza kwanza," aliniambia, "kidogo tu, uiamshe. Halafu ndipo urudi nyuma." Bolti ikikubali hutoa mlio mkavu, kaa!, kama kijiti kinachovunjwa gotini. Mlio ule ulinifanya niruke kila mara. Baba alinifundisha jambo jingine pia, na nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nililisikia na halikunisaidia: "Ikilegea na mlio, imekubali. Ikilegea bila mlio, laini kama unga wa maandazi, simama hapo hapo. Hiyo hailegei, inanyooka, nayo inataka kukatika."

Siku tatu zilitupa bolti tisa. Ya kumi, iliyokuwa nyuma kabisa karibu na ukuta wa kibini, chumba cha dereva, ilikataa. Mjomba Karisa alileta kipande cha paipu ya maji, kirefu kama mkono wa mtu mzima, akasema tukiivika spana tutapata nguvu na mambo yatakwisha. Baba alikataa. Walibishana. "Shemeji, chuma ni chuma," alisema Mjomba. "Ikikatikia ndani ya bloku," Baba alimjibu, "hiyo injini ndiyo basi, na mke wangu ndiye utakayembeba wewe kwa kitanda." Mjomba akaitupa paipu chini karibu na gurudumu, akaenda zake kuoga.

Asubuhi iliyofuata Baba alipata nafasi katika lori la chumvi, akaenda Mombasa kutafuta ringi za pistoni na gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba kati ya kichwa na bloku. Alisema atarudi baada ya siku mbili. Kabla hajaondoka alituita mimi na Mjomba, akaweka kidole juu ya bolti ya kumi. "Hii hakuna wa kuigusa. Jumwa, wewe utaitia mafuta asubuhi na jioni. Nyundo mara kumi, si zaidi. Basi." Tuliitikia sote wawili.

Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili, mchana, Mjomba alikuwa ameenda kukata makuti, na mvua ilikuwa imenyamaza. Nilikuwa kibandani nikitia mafuta niliposikia Mama akiguna ndani. Nilimkuta amepiga magoti, mikono yote miwili imeshika ukingo wa kitanda, uso umelowa jasho. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi ikang'aa. "Kamwite Hawe," alisema. Nilikimbia. Bi Mbodze alikuja, akamlaza, akafunga mlango. Nilisimama nje na kusikia Mama akiuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Gari je?" na Bi Mbodze akijibu, "Nyamaza kwanza, mwanangu, vuta pumzi."

Sijui kama naweza kueleza kilichonipitia. Mtoto wa miaka kumi na miwili anajua mengi lakini hajui mpangilio wake. Nilijua kwamba hata bolti ile ikitoka saa ile, gari lisingeondoka. Kichwa kingekuwa bado hakijainuliwa, gasketi ilikuwa Mombasa, oili ilikuwa imemwagwa. Nilijua. Lakini machoni mwangu kulikuwa na kitanda cha kamba kikirudi, na kati ya kitanda kile na Mama hapakuwa na kitu kingine ila bolti moja. Nilipanda juu ya ndoo, nikaweka spana, nikaivika paipu ya Mjomba, nikaning'inia kwa uzito wangu wote.

Ilizunguka! Furaha iliyonipata haina kipimo. Ilizunguka robo, ikazunguka tena, laini, bila mlio, laini kama unga wa maandazi. Nilisikia maneno ya Baba kichwani waziwazi, kama mtu aliyesimama nyuma yangu, na sikusimama. Kisha paipu ikaachia ghafla, nikaanguka kifudifudi juu ya injini, na vifundo vya vidole vyangu vya kulia vikachunika kwenye ukingo wa chuma. Nilipoinuka, kichwa cha bolti kilikuwa ndani ya spana, kimekatika safi, na mahali pake palikuwa na tundu lenye kitu kinachong'aa chini yake.

Bi Mbodze alitoka muda mfupi baadaye akasema uchungu ulikuwa wa uongo, umetulia, Mama amelala. Nilikuwa nimesimama pale pale. Sasa hapakuwa na haja tena ya lolote, na lililofanyika lilikuwa limefanyika. Nilifanya kile ambacho hadi leo najionea haya kukiandika zaidi ya kuikata bolti kwenyewe. Nilichukua grisi, nikaipaka chini ya kile kichwa, nikakirudisha mahali pake, nikakipangusa, nikakimiminia mafuta, na paipu nikairudisha karibu na gurudumu. Kilikaa vizuri sana. Ungepita hapo usingejua. Mjomba aliporudi na mzigo wa makuti aliniona nimefunga vidole kwa kitambaa, akauliza, "Umefanyaje?" Nikasema nimeteleza pale kisimani. Aliutazama mkono wangu, akatazama kuelekea kibandani, akaenda kutua mzigo wake.

Baba alirudi siku ya tatu asubuhi, amelowa, gasketi ameificha ndani ya shati isilowe. Hakunywa hata chai. Aliweka spana kwenye bolti ya kumi, akagusa tu, na kichwa kikamjia mkononi. Alikigeuza. Akaona grisi. Nilimwona akiielewa grisi ile kidogo kidogo: kwamba bolti haikukatika tu, bali kuna mtu aliyeificha. Akainama akaiokota paipu iliyokuwa bado karibu na gurudumu, akamwita Mjomba Karisa kwa jina lake tupu, bila shemeji.

"Nilikwambia nini?"

"Shemeji, haki ya Mungu sijaigusa."

"Kama vile hukuigusa keekee."

"Ile ilikuwa ile. Hii sijaigusa."

Sauti ya Baba haikupanda. Ilishuka, na hilo ndilo lililotisha. "Umemuua dada yako," alisema. "Sikiliza nakwambia. Umemuua dada yako kwa kiburi, na hata ujasiri wa kusema huna. Toka kwangu." Mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika kiuno. Alisema, "Baba Jumwa, hebu ngoja kwanza," lakini Baba hakugeuka. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku ile nilimwona mtu mzima akijikwaa mbele yangu, na jiwe nililiweka mimi. Mjomba alimtazama Baba, akanitazama mimi, kwa muda mfupi sana. Niliuficha mkono wenye kitambaa nyuma ya mgongo. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi chake cha nguo, akashika njia ya Marereni katika mvua.

Nilinyamaza siku tatu. Baba aliinua kichwa cha injini peke yake kwa kamba aliyoitundika kwenye boriti, na kikakubali kutoka, kikiacha kisiki cha bolti kimesimama juu ya bloku, kirefu kama nusu ya kidole. Alijaribu kukishika kwa koleo, likateleza. Alijaribu kukitia joto kwa stovu ya pampu ya kupikia, lakini mtu mmoja hawezi kushika moto na kuzungusha kwa wakati mmoja, na kidole kimoja hakivunji chawa. Alinipa koleo nimsaidie. Nililiangusha mara mbili, hata akaniuliza kama nina homa. Kila jioni Bi Mbodze alikuja, akapapasa, akasema bado amelala vilevile. Nilikuwa nikimwona Mama akipanga khanga za mtoto ndani ya kikapu, akizikunjua na kuzikunja upya, na moyoni nikisema, nitasema akimaliza kukunja hii, nitasema akimaliza ile.

Siku ya nne asubuhi nilimkuta Baba amekaa chini karibu na gurudumu, tupa mkononi, hafanyi kitu. Sijawahi kumwona amekaa hivyo. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikaufungua mkono wangu nikamwonyesha vifundo. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige. Alivitazama vile vidonda muda mrefu, kisha akauweka mkono wangu chini taratibu kama kitu kisicho chake. "Nenda kamwite mjomba wako," alisema. "Wewe mwenyewe."

Ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Tope lilininyang'anya ndara, nikazibeba. Nilimkuta Mjomba katika mashamba ya chumvi, miguu wazi, ngozi ya miguu imepauka na kupasuka, anasukuma chumvi kwa koleo la mti pamoja na vibarua wengine. Jua lilikuwa limetoka, na weupe wa mahali pale uliumiza macho. Nilisema, "Shikamoo, Mjomba," mbele yao wote, na kabla hajaitikia nikasema, "Ni mimi niliyeikata bolti."

"Marahaba," alisema. Akaendelea kusukuma hadi mwisho wa mstari wake, akarudi. "Najua. Niliuona mkono wako."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba si mimi, ni mtoto? Baba yako alikuwa amekwisha amua. Aliyekwisha amua hana masikio." Akauchomeka mti wa koleo ndani ya lundo la chumvi. "Nani amekutuma?"

"Baba."

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemjibu swali jingine kabisa. "Dada anaendeleaje?" Nilimwambia habari ya miguu na uchungu wa uongo. Aliaga wenzake, akaniweka mabegani kwenye sehemu za tope zito, mtoto mkubwa kama mimi, na tukashika njia ya kurudi.

Baba alikuwa amesimama kibandani. Nilidhani atamwomba radhi. Nilikuwa nimeyaandaa masikio yangu njia nzima kwa maneno hayo. Alimpa tupa. Mjomba aliipokea, akasema, "Nimekuja kwa ajili ya dada," na wakaanza kazi. Walikichonga kisiki pande mbili kikawa bapa, ili spana ya kufunga na kufungua mdomo, ile ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kulitamka mbele ya mama yangu, ipate pa kushika. Baba alielekeza moto wa stovu kwenye chuma kilichozunguka kisiki hadi mafuta yote yakaungua na moshi ukatuchoma macho. Mimi nilikuwa na mshumaa. Kila Baba aliposema "Sasa," niliugusisha kwenye kisiki, na nta iliyeyuka ikazama kwenye nyuzi za bolti, ile mikato yake ya mzunguko, kama maji kwenye mchanga. Tulifanya hivyo tangu adhuhuri. Mvua ilianza tena, ikapenya kwenye makuti, na kila tone lililoangukia chuma cha moto lilifoka. Mama alileta kigoda akakaa mlangoni. Hakuna aliyemwambia aingie ndani.

"Kaza kwanza," Baba alisema.

"Najua," alisema Mjomba.

Alikaza. Hakuna kitu. Moto. Nta. Alikaza tena, akarudi nyuma, na mishipa ya shingo yake ikasimama. Nilimwona akipunguza nguvu, akisikiliza kwa viganja, akifanya kila kitu ambacho Baba alidhani hawezi kukifanya. "Inakuwa laini?" Baba aliuliza. Sauti yake ilipasuka. "Hapana," alisema Mjomba. "Haijakuwa laini." Akavuta pumzi, akavuta spana, na kisiki kikalia: kaa! Mshumaa uliniponyoka. Hakuna aliyeshangilia. Mjomba alizungusha nusu, akarudisha robo, akazungusha nusu, hadi kile kipande kikatoka chote, cheusi, kikitoa moshi, akakiweka kwenye sinia mahali pa kumi. Mama alifunika uso kwa leso. Bi Mbodze, aliyekuwa amekuja bila sisi kumwona, alisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akaenda kumshika Mama ainuke.

Waliifunga injini kwa siku tano. Walizungumza sana siku hizo, lakini yote yalikuwa ya kazi: shika hapa, lete ile, futa hii. Mjomba alikula chakula chake kibandani, akisema mikono yake ina oili. Injini ilipowaka mara ya kwanza ilikohoa moshi wa buluu, ikatulia, na Baba akaweka kiganja juu ya boneti akakiacha pale.

Uchungu wa kweli ulikuja Jumapili asubuhi. Baba aliendesha, Mama na Bi Mbodze walikaa mbele, mimi na Mjomba nyuma, yeye amekumbatia jerikeni la maji iwapo gari lingechemka. Kwenye daraja la Sabaki mto ulikuwa mwekundu na mpana, unapita na miti mizima. Nilisikiliza injini ile kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa. Haikuchemka. Hospitalini Malindi walimpasua Mama mara moja, na daktari aliyetoka alimwambia Baba kwamba kwa jinsi mtoto alivyokuwa amelala, nyumbani wasingepona, si yeye wala mama yake. Alikuwa mvulana. Mama alimpa jina la Karisa, na Baba hakupinga. Mjomba alimpakata mtoto mikononi kwa muda, akambusu dada yake kichwani, na Baba alipoingia wodini yeye akatoka. Alirudi Marereni peke yake. Hakulala tena nyumbani kwetu. Mama alikuwa akimpelekea mtoto amwone, mara moja kwa mwezi, kwa basi.

Leo barabara ile ni ya lami. Mwanamke akishikwa na uchungu pale kwetu, kuna tuktuk, kuna bodaboda, kuna simu ya kuita gari, na ingawa wapo wanaoteseka bado, hawangoji kando ya barabara hadi jua lizame. Mwaka jana gari langu mwenyewe lilinichemkia karibu na Gongoni. Fundi kijana aliitazama injini kwa muda wa kumaliza chupa ya soda, akaniambia, "Mama, ya nini kuhangaika? Tunaitoa hii, tunaweka nyingine." Alfajiri aliitoa, magharibi nilikuwa njiani. Sikuona bolti hata moja ikibembelezwa. Nilimshukuru, na sikuona ubaya wowote. Nisingemtakia mtoto yeyote kungoja vile tulivyongoja sisi.

Baba alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Mjomba Karisa ni mzee sasa, anaishi Rabai kwa binti yake, na magoti yamemlemea. Nilikwenda kumwona mwezi wa pili. Baada ya chakula nilimwambia kwamba miaka yote hii nimekuwa nikijilaumu, kwamba mimi ndiye niliyewatenganisha. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Wewe?" alisema. "Wewe ulikuja. Ulitembea saa mbili katika tope, ukasema mbele ya watu. Wewe nilikusamehe kabla hujafunga mdomo. Baba yako ndiye niliyemngoja." Alikanda goti lake. "Ile pikapu ilipona. Ilikuwa ikipita Marereni kila wiki na nazi, miaka tisa. Nilijua mlio wake toka mbali, maana niliifunga mimi. Kila ilipopita nilikuwa nikisimamisha koleo. Nilikuwa nikisema, leo atasimama."

Katika nyingi ya safari hizo nilikuwa nimekaa kando ya Baba. Nakumbuka alivyokuwa akikaza mikono kwenye usukani pale penye mashamba ya chumvi, macho mbele, shingo haigeuki. Nilidhani anaangalia mashimo.